Huruma Ipo, Mkono Hauendi

Bodaboda ikianguka pale Mwanga, mjini Kigoma, watu hujaa kabla vumbi halijatulia. Kijana yuko chini kashika goti, pikipiki imelala na tairi la nyuma bado linazunguka. Wanaomsogelea ni wawili au watatu. Waliobaki wamesimama mduara, baadhi simu zimeshanyanyuliwa, mmoja anauliza "kafa?" na hakuna anayemjibu. Jioni kijiweni hukumu inatoka bila rufaa: watu wa siku hizi hawana utu.

Hukumu hiyo siikubali. Mshike mmoja wa waliosimama, muulize taratibu, atakwambia moyo ulimwenda mbio, alimkumbuka mdogo wake anayeendesha pikipiki Kasulu, na usiku usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu. Huruma alikuwa nayo, tena tele. Kilichokosekana ni kitu kingine, na saikolojia, yaani elimu inayochunguza akili na mwenendo wa watu, imetumia zaidi ya nusu karne kukitafuta.

Tuanze kwa kutenganisha mambo. Tukisema fulani "anajali", tunasema mambo matatu kwa mpigo. Kuna kuguswa na hali ya mwenzako. Kuna kuelewa anapitia nini na anahitaji nini. Halafu kuna kutenda. Mara nyingi huja pamoja, ndiyo maana tunadhani ni jambo moja, lakini hutengana vizuri tu. Tapeli anayekutumia ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" anakuelewa barabara: anajua una haraka, anajua kuna mtu unadaiwa naye, anajua hutasoma mara mbili. Kuelewa anako, kuguswa hana hata chembe. Mtoto mchanga anayeangua kilio kwa kuwa mwenzake wodini analia, yeye ameguswa ila haelewi kitu. Na yule wa Mwanga ameguswa, ameelewa, mguu ndio haukunyanyuka.

Waliokuwa wakienda kuhubiri

Kwanza tuone kwa nini tunakimbilia kusema "hana utu". Mwaka 1977 mwanasaikolojia wa Marekani, Lee Ross, aliliita kosa la msingi lile zoea letu la kuyaeleza matendo ya wengine kwa tabia zao na kusahau mazingira waliyomo. Muuguzi akikujibu kwa mkato, ana roho mbaya. Wewe ukimjibu mtu kwa mkato, ulikuwa umechoka, mtoto alikesha na homa, na bosi kakupigia simu mara tatu. Uchovu wako unauona kwa kuwa unaubeba mwenyewe. Wa muuguzi huuoni, unaona uso wake tu.

Miaka minne kabla ya hapo, John Darley na Daniel Batson walikuwa wamefanya jaribio ambalo kila mhubiri angepaswa kulijua. Waliwachukua wanafunzi 40 wa seminari ya Princeton, Marekani, vijana wanaosomea uchungaji, wakawaambia waende jengo la jirani kutoa hotuba fupi. Baadhi walipewa mada ya ajira, wengine mfano wa Biblia wa Msamaria Mwema, aliyemsaidia majeruhi njiani. Njiani palikuwa na mtu amejikunyata mlangoni, kichwa chini, anakohoa na kuugulia. Alikuwa amepangwa pale. Tofauti iliyochunguzwa ilikuwa ndogo sana: wengine waliambiwa wana muda wa kutosha, wengine waende sasa hivi, wengine wameshachelewa na wanasubiriwa.

Kati ya wenye muda, asilimia 63 walisaidia. Wale wa katikati, asilimia 45. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Mada ya hotuba haikuleta tofauti ya maana, na wapo waliomruka yule mgonjwa huku wakiwahi kwenda kumsifu Msamaria. Kigezo kilichotabiri zaidi ni haraka waliyopewa na mtu mwingine, wala si imani waliyosema wanayo. Nikikumbuka jaribio hili huwa nampunguzia makali hata dereva wa hiace asiyesimama.

Kundi lina hesabu yake

Haraka haielezi Mwanga. Pale watu wana muda mpaka wa kupiga picha. Hapo inaingia habari nyingine, na ndiyo inayosimuliwa vibaya kuliko zote.

Usiku wa Machi 13, 1964, mwanamke aitwaye Kitty Genovese alishambuliwa kwa kisu karibu na nyumbani kwake, eneo la Queens, New York, akafa. Gazeti kubwa la mji huo likaandika kwamba watu karibu arobaini walishuhudia na hakuna aliyeinua simu wakati anashambuliwa. Dunia ikashtuka. Baadaye ilibainika habari ile ilikuzwa: wengi walisikia kelele tu bila kuona, wapo waliosema waliwapigia simu polisi, na jirani mmoja alishuka akamkumbatia marehemu katika dakika zake za mwisho. Lakini habari potofu ilizaa swali zuri, nalo likawapeleka Darley na Bibb Latané maabara.

Mwaka 1968 walichapisha matokeo. Mwanafunzi anakaa chumbani peke yake akizungumza na wenzake kwa kipaza sauti, kila mmoja chumba chake. Ghafla mmoja anashikwa na kigugumizi, anasema anashikwa na kifafa, anaomba msaada, sauti inakatika. Ilikuwa kanda iliyorekodiwa. Waliodhani ni wao tu wanaosikia, asilimia 85 walitoka kuomba msaada kabla sauti haijazimika. Waliodhani kuna mwingine mmoja anayesikia, asilimia 62. Waliodhani kuna wengine wanne, asilimia 31. Na wale ambao hawakutoka hawakuwa wamekaa kwa raha: mtafiti alipoingia aliwakuta wanatetemeka, viganja vimelowa jasho, wanauliza yule mwenzao ameshasaidiwa.

Wanasaikolojia wanasema wajibu hutawanyika. Wito ukiwa wa wote, kila mmoja anapata kipande chake kidogo, na kipande kidogo ni rahisi kukiacha chini. Kuna na jambo la pili: tunasomana nyuso. Sijui kama huyu kalewa au kapoteza fahamu, nakutazama wewe nione unafanyaje, nawe unanitazama mimi, wote tumekaza sura za utulivu, basi kila mmoja anahitimisha kwamba mambo si mabaya. Katika jaribio jingine la watafiti hao, moshi uliingizwa chumbani. Aliyekuwa peke yake alitoa taarifa mara tatu kati ya nne. Aliyekaa na watu wawili waliopangwa kutoonyesha wasiwasi wowote alitoa taarifa mara moja kati ya kumi. Wengine walibaki wakipepea moshi usoni huku wakijaza fomu.

Ongeza vya kwetu. Kuna hofu ya PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyejeruhiwa, na swali la kituoni la "wewe uliyemleta ni nani yake?" Kuna hofu ya kuambiwa ndiye uliyemgonga. Kuna hofu ya damu, na ya kushika vibaya ukamvunja zaidi. Hizi si visingizio vyote. Nyingine ni za kweli kabisa.

Sasa kuna kosa la pili ambalo hata vitabu vya kozi hulifanya: kuhitimisha kwamba kundi ni balaa, heri uangukie mahali penye mtu mmoja. Rudi kwenye zile namba. Asilimia 31 ni ya kila mmoja. Kama watano wanasikia na kila mmoja anaamua kivyake, uwezekano kwamba angalau mmoja atatoka ni kama asilimia 84, karibu sawa na yule aliyekuwa peke yake. Kundi linampunguza mtu mmoja mmoja, mhanga si lazima apungukiwe. Na mitaani mambo ni mazuri zaidi ya maabara: utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulipitia picha za kamera za usalama za ugomvi 219 katika miji ya Amsterdam, Lancaster na Cape Town, na katika matukio tisa kati ya kumi alikuwepo angalau mpita njia mmoja aliyeingilia. Kadiri watu walivyokuwa wengi ndivyo uwezekano ulivyopanda. Mitaani watu wanaonana, hatari iko wazi, na mmoja akianza wengine hufuata.

Kwa hiyo dawa iliyopo haidai moyo mpya. Ukiwa wewe ndiye uliyeanguka, au ndiye wa kwanza kufika, usipige kelele "jamani saidieni", maana "jamani" hana miguu. Nyoosha kidole. "Wewe mwenye jezi ya Yanga, simamisha bajaji. Mama mwenye kitenge cha kijani, nishikie kichwa chake hapa, usikizungushe. Kaka, rudisha watu nyuma apate hewa." Nimeona mduara wa watu thelathini ukiyeyuka kwa sentensi tatu za namna hiyo kutoka kwa muuza mawese mmoja ambaye hakuwa amesomea chochote. Yule wa jezi alikimbia kama aliyekuwa anasubiri kutumwa. Nadhani kweli alikuwa anasubiri.

Kwa nini msibani tunaweza

Watu haohao wapeleke msibani. Nenda Ujiji, nenda Katonga kwa wavuvi, nenda Mwandiga. Mtu akifariki alfajiri, saa nne turubai limeshafungwa. Kuna daftari kubwa mezani, limepigwa mistari: jina, alichotoa, alichoahidi. Kuna vijana wa kaburi, wanajulikana kwa majina. Kuna akina mama wa jikoni na mkubwa wao, ambaye hata mwenyekiti wa mtaa hathubutu kumuingilia habari za mchele. Kuna wa kufuata maji, wa kupokea wageni stendi, wa kukaa na mfiwa chumbani asibaki peke yake. Hakuna anayeuliza kazi hii ya nani.

Je, watu hawa wana utu zaidi ya wale wa Mwanga? Ni walewale. Msiba umelitatua zamani tatizo ambalo Darley na Latané walilipima mwaka 1968: kila kazi ina mwenyewe, mwenyewe anaonekana, na asipofika daftari linamtaja. Aibu, inayomfunga mtu barabarani, msibani inamsukuma.

Hapo ndipo pia panapoonekana tunapofeli. Mtu mwenye sonona, ambaye mwezi wa pili sasa hatoki ndani, hali chakula vizuri, anajibu "nipo" tu, hana turubai. Hajafa, hajaanguka. Kila jirani ameona kitu na kila jirani anadhani ndugu zake wanajua. Ndugu wanadhani mkewe anajua. Mke anajua, ila hajui amwambie nani.

Gombe, upande wa pili wa mlima

Kuguswa kwenyewe kunatoka wapi? Jibu moja limechimbwa hapa hapa mkoani. Boti zinazotoka Kibirizi kuelekea kaskazini hufika Gombe, kilomita kama 16 kutoka mjini, mahali ambapo Jane Goodall alitua Julai 14, 1960 akaanza kuwaangalia sokwe. Mengi yaliyoandikwa kuhusu Gombe ni ya vijiti ambavyo sokwe huvitumia kuvulia mchwa kwenye vichuguu. Mimi kinachonishika ni visa viwili.

Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliwaingia sokwe. Dume mzee aliyepewa jina McGregor alipooza miguu yote miwili, akawa anajiburuta kwa mikono. Siku moja alijikokota hadi kwenye mti ambako wenzake walikuwa wanachambuana manyoya, shughuli ambayo kwa sokwe ndiyo salamu, ndiyo soga, ndiyo undugu. Alitoa mguno wa furaha, akanyoosha mkono. Wakahamia upande wa pili wa mti bila kugeuka. Alibaki amekaa, anawatazama. Dume mmoja tu, Humphrey, ndiye aliyeendelea kubaki karibu naye.

Kisa cha pili ni cha 1987. Homa ya mapafu iliua sokwe kadhaa, akiwemo mama wa Mel, mtoto wa miaka mitatu hivi asiye na kaka wala dada wa kumtunza. Watafiti walidhani atakufa. Akachukuliwa na Spindle, dume kijana wa miaka 12 asiye ndugu yake wa karibu. Alimbeba mgongoni, akamgawia chakula alipoomba, akalala naye kiota kimoja, akamuokoa kwa madume wakubwa waliokuwa wanaonyeshana ubabe. Spindle naye alikuwa amefiwa na mama yake katika homa ileile.

Visome pamoja visa hivi. Kuguswa ni kwa kale, kupo kwa wanyama wasio na dini wala mahubiri, lakini kunakaa mwili mmoja na woga wa kale vilevile. Kiumbe anayetambaa vibaya, anayenuka tofauti, anayekohoa, huamsha vyote viwili. Anayemkimbia mgonjwa wa kipindupindu si lazima awe amekosa huruma. Woga umefika kwanza. Ndiyo maana elimu ya jinsi ugonjwa unavyoambukiza na usivyoambukiza ni sehemu ya kujali: inashusha woga huruma ipate njia.

Huruma inapomwelemea mwenyewe

Kuguswa sana nako kuna mtego. Batson na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba kuna njia mbili za kujiweka katika hali ya mtu. Ukijiuliza "yeye anajisikiaje?", unapata huruma inayomwelekea yeye. Ukijiuliza "ingekuwa mimi ningejisikiaje?", unapata huruma hiyo, na juu yake unapata uchungu wako mwenyewe. Uchungu wako una haja yake, unataka uishe. Njia ya haraka ya kuumaliza ni kuondoka, kubadilisha mada, au kumwambia mgonjwa "jikaze, utapona tu" ili anyamaze upumue.

Tania Singer na Olga Klimecki, nchini Ujerumani, walikwenda mbele zaidi. Waliwafundisha watu kuzama katika maumivu ya wengine, na hisia zao mbaya zikaongezeka. Kisha wakawafundisha watu haohao kumtakia mema anayeumia badala ya kuumia pamoja naye. Hisia nzuri zikarudi. Muuguzi wa zamu ya usiku, mama anayemtunza mume aliyepooza mwaka wa tano, dada anayehudumia wakimbizi kambini: wakionekana wamekauka macho, huenda tatizo ni kwamba waliumia na kila mtu mpaka wakaishiwa. Kumshauri mtu wa namna hiyo "ongeza upendo" ni kumuonea. Anahitaji mtu wa kumpokea zamu.

Kuelewa, kwa upande wake, ni kazi ya macho. Mary Ainsworth, mmoja wa walioanzisha elimu ya mshikamano wa mtoto na mama, aliianza Uganda miaka ya 1954 na 1955, akizungukia familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala. Watoto waliotulia zaidi, waliokwenda kucheza na kurudi kwa mama bila wasiwasi, walikuwa na mama walioweza kusimulia habari za mtoto kwa undani: analala vipi, analia kilio gani cha njaa na kipi cha usingizi. Mama hao waliona. Kujali kwingi ni huku, kuona kitu kidogo mapema.

Kigoma imepata darasa la haya kwa wingi usiotamanika. Mei 2015 maelfu ya wakimbizi wa Burundi walijazana Kagunga, kijiji kidogo cha ufukweni, kipindupindu kikaingia, na meli ya Liemba ikawa inawasomba kuja mjini kabla ya safari ya kwenda kambi ya Nyarugusu. Unamsaidiaje mtu aliyeshuka melini na mtoto mmoja wakati aliondoka kwao na watatu? Mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani lilitoa na wenzake mwaka 2011 una vitenzi vitatu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia usalama na nani ana hali mbaya zaidi. Sikiliza bila kulazimisha. Unganisha na maji, blanketi, ndugu, kituo cha afya. Hilo la kutolazimisha liwekee mstari. Zamani ilidhaniwa mtu atoe yote papo hapo ili apone. Shirika hilohilo sasa linashauri asisukumwe kusimulia yaliyomkuta punde baada ya tukio. Ukikaa naye, ukampa uji, ukamuuliza "umekula? nani tumtafute?", umefanya kazi ya kitaalamu.

Wala haihitaji shahada. Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 katika mtaa wa Mbare, Harare. Waliwekwa kwenye mabenchi nje ya zahanati, wakafundishwa kumsikiliza mtu na kumsaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha baada ya miezi sita wateja wao walikuwa na dalili chache za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Angalia kilichofanyika: bibi ana benchi lake, ana siku yake, mgonjwa anajua amfuate wapi. Kazi imepata mwenyewe.

Kwetu benchi hakuna, daftari lipo. Kamati ya msiba ikikaa kufunga hesabu, rambirambi ngapi, deni la turubai ngapi, daftari huwa bado lina kurasa tupu. Ukurasa mmoja unatosha kuandika nani atapita kwa mjane wiki ya sita, arobaini ikishapita na mashemeji wamerudi Uvinza. Nani mwezi wa tatu, watoto wakihitaji sare na madaftari. Nani ataandamana naye kituo cha afya kama bado halali usiku. Pale penye nafasi ya jina pasiandikwe "majirani". Paandikwe mtu, na namba yake ya simu, kisha mwenyekiti asaini chini kama anavyosaini hesabu ya mchele.